Wakituuliza bodi gani, mimi nasema Uno

Shirika moja limetuambia sisi vijana wa elektroniki hapa Nakivale: andikeni aina moja ya bodi, tutawanunulia sita. Oda ni moja tu. Wengi mmeandika ESP32. Mimi nimeandika Arduino Uno, na naomba mnisikilize kabla jibu halijatumwa.

Kwa ambao hawajaishika bado: bodi hii ni kakompyuta kadogo ka kazi moja. Unaandika programu kwenye laptopu, unaituma kwa waya, halafu bodi inafanya kazi peke yake: inasoma sensa, inawasha taa, inazima pampu.

ESP32 ina nguvu, sibishi. Ina WiFi na Bluetooth ndani, inakimbia megahezi 240 wakati Uno inakimbia 16. Uno ina kilobaiti 2 tu za RAM, mtu wa simu akisikia atacheka. Lakini tuangalie kazi tunayotaka kuanza nayo, ile ya betri za sola.

Wote mnajua vibanda vya kuchaji simu. Betri ya asidi ya volti 12 ikishushwa mpaka mwisho kila usiku, haikai, na kununua nyingine ni kuumia. Kaka mmoja mwenye kibanda aliniambia, "Mdogo wangu, nitengenezee kitu kinipigie kelele kabla haijaisha." Kwa Uno hiyo ni kazi ndogo. Pini zake za kusoma zinapokea mpaka volti 5. Unachukua rizista nne za kilo-omu 10, unazifuatanisha toka chanya ya betri mpaka hasi, unapima kwenye ile ya mwisho tu: volti imegawanywa kwa 4. Betri ikiwa inachajiwa kwa volti 14.4, Uno inaona 3.6. Safi kabisa.

Sasa peleka hiyo 3.6 kwenye ESP32, ambayo ni ya volti 3.3. Imeshapita. Ndiyo, unaongeza rizista na mambo yanaenda, lakini mwanafunzi wa wiki ya kwanza bado hajui kama anatakiwa kuongeza, na bodi haimwambii kitu. Inaweza kufa kimya. Na hapa bodi ikikufa, hakuna duka la kona.

Halafu kuna bando. Ukishaweka Arduino IDE na mafaili ya Uno mara moja, unafanya kazi bila mtandao. ESP32 inataka uongeze mafaili mengine ya mamia ya megabaiti.

Na waya! Uno ya kawaida inatumia waya wa printa, ule wa kichwa cha mraba. Nenda sekretarieti yoyote, wanao. Bodi nyingine nyingi zinataka waya wa simu, na za bei rahisi sokoni nyingi zinapitisha chaji tu, data hapana. Utakaa saa nzima ukilaumu bodi bure.

Watu wa shirika, hili ni lenu: chukueni Uno R3 yenye chipu ndefu ya miguu 28, iliyokaa kwenye soketi. Ikiungua tunaichomoa, tunaweka nyingine iliyokwisha kutayarishwa. Kuna zenye chipu ndogo ya mraba iliyolehemiwa, hiyo haitoki. Na msiogope zisizo orijino. Arduino, iliyoanzia Italia mwaka 2005, iliacha michoro ya bodi wazi, kila mtu aweze kuitengeneza. Nyingi zina chipu ya USB inayoitwa CH340, kwa hiyo mtuwekee draiva yake kwenye flashi.

Dada mmoja ameuliza juu ya Raspberry Pi Pico. Ni swali zuri. Ilitoka 2021 kwa dola 4, na inaelewa MicroPython, ambayo mimi naiona rahisi kuliko lugha ya Arduino. Kama tungefundisha programu tu, ningeichagua. Lakini nayo ni ya volti 3.3, na mara nyingi inakuja bila pini, lazima ulehemu mwenyewe. Sisi tuko na chuma kimoja cha kulehemu, watu kumi na nne.

ESP32 tutaitaka baadaye, kibanda kikihitaji kutuma volti kwenye simu. Inaweza hata kufungua WiFi yake yenyewe bila intaneti. Kwa sasa nimeandika: Uno R3 sita za soketi, nyaya sita za printa, rizista mia moja za kilo-omu 10, buza sita. Asiyekubali anitafute kabla ya Ijumaa.