Uyoga Mvunguni mwa Ngazi

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi, mpenzi msomaji, niliinama mvunguni mwa ngazi ya nyumba yetu kwa muda wa miezi miwili hata mgongo ukaniuma, na hayo yaliyonipata humo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Kwa wenzangu wa bara wasiojua, Ndia Kuu ni barabara kongwe ya Mji wa Kale, inayotoka upande wa Ngome ya Yesu kuelekea bandari ya kale. "Ndia" ni njia kwa Kimvita. Nyumba za huku ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene ajabu. Chini ya ngazi yetu kuna kijichumba ambacho jua halijapata kukizuru. Nyanya hukitumia kuwekea makaa yake ya kupikia mahamri.

Mambo yalianzia kwenye maonyesho ya kilimo ya Mkomani. Huko nilimkuta mama mmoja amepanga uyoga wa chaza mezani, mweupe, umebanana kama makombe ya baharini. Akatueleza kwamba ule uyoga wa mviringo wa mahotelini hutaka baridi, ndiyo sababu hukuzwa nyanda za juu. Huu wa chaza una aina zinazostahimili joto la kwetu, mradi upate giza, unyevu na hewa. Giza! Unyevu! Moyo wangu ukaruka ukatua chini ya ngazi.

Sasa nitoboe siri. Wiki hiyo nyanya alikuwa amenipa pesa za kununua kamusi. Ndiyo, mimi mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nilichukua pesa za kamusi nikaagiza kilo moja ya mbegu za uyoga kutoka Nairobi, zikaja na basi la usiku. Mwalimu mlezi anisamehe. Mbegu zenyewe si mbegu kama za mchicha. Ni punje za mtama zilizovikwa utando mweupe, na utando huo ndio uyoga wenyewe ukiwa bado mchanga.

Uyoga hauli udongo, hula majani makavu. Hayo nilipata bure Marikiti, yale majani ya mgomba yanayofungiwa ndizi zikija na malori. Nikayakatakata vipande vya urefu wa kidole. Watu wengi hutumia mifuko ya nailoni, lakini tangu Agosti 2017 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa, mifuko si kitu cha kuokota tena ovyo. Mimi nilichukua ndoo mbili kuukuu za mafuta ya kupikia, zenye vifuniko, nikazitoboa matundu kandokando kwa msumari wa moto.

Yule mama alisema wazi kwamba majani lazima yapitishwe kwenye maji ya moto. Lakini makaa ni ghali, nami nilikuwa mwizi wa pesa za kamusi. Ningewezaje kuomba makaa? Nikayaloweka kwenye maji baridi usiku kucha, nikayapanga ndooni tabaka kwa tabaka na nusu ya mbegu. Nusu iliyobaki niliiomba nafasi kwenye friji ya jirani.

Siku ya nane nikachungulia. Lahaula! Ndoo nzima imeota ukungu wa kijani, nao wanuka kama togwa iliyochacha. Na aliyekuwa amesimama nyuma yangu na taa mkononi ni nani kama si nyanya?

"N'ambia kweli, hiki ni nini wanitilia nyumbani?"

"Uyoga, nyanya."

"Huu ni kuvu! Watu wasugua kuta kutoa kuvu, wewe wafuga! Na maji twanunua kwa mtungi!"

Maneno hayo yalinichoma, kwa maana ni kweli. Bomba letu hukauka hata wiki nzima, tukabaki kumngoja mwenye mkokoteni. Nikapiga magoti nikamweleza yote, kamusi, basi na mbegu. Nyanya alinyamaza. Wallahi ningependa anichape kuliko kule kunyamaza kwake. Hatimaye akauliza kosa lilikuwa wapi. Nikamwambia, maji ya moto. Akasema, "Makaa yangu ya mahamri huwa na moto mpaka saa tatu. Yakaa bure." Akaenda zake kuswali.

Basi hiyo ndiyo siri kubwa ya kazi hii, nanyi mtakaojaribu msiipuuze. Majani yana ukungu na vijidudu vyake tangu zamani, na wote wana njaa. Maji ya moto huwapunguza ili uyoga uwahi kutandaa kwanza. Si lazima yatokote. Yale yanayofuka mvuke na kutoa vipovu vidogo chini ya sufuria, ukiyaweka hivyo kwa saa moja unusu, yatosha. Kisha chuja, acha yapoe kabisa, maana mbegu ukiitia kwenye majani ya moto umeiua. Ukikamua konzi moja yadondoke matone mawili matatu tu. Maji yaliyochujwa tuliyatumia kuoshea choo, nyanya asipate la kusema. Mikono niliiosha kwa sabuni kama daktari. Matundu nikayaziba kwa pamba.

Wiki tatu gizani. Utando ukaenea mweupe pe, kama nazi iliyokunwa. Hapo nikatoa pamba, nikatundika gunia bichi mlangoni, nikawa nanyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni. Vikatokea vichwa vidogo mfano wa pini. Ila nilikosea tena, nilifunga mlango kabisa, vikarefuka shingo kama twiga na kofia zikabaki kiduchu, kwa kukosa hewa. Nikauacha mlango wazi. Vilivyochipuka baadaye vilinyooka vizuri, na siku ya nne nikavuna nusu kilo na kidogo.

Nyanya aliupika kwa tui la nazi, kitunguu na ndimu. Ukanywea sufuriani, jamani, maana uyoga karibu wote ni maji. Tulipokaa kula akatuzuia mikono. Tangu utotoni mwake ameambiwa kiyoga huua, na kweli ule wa kuokota porini waweza kuua, msiuguse. Nilimweleza kwamba huu tumeupanda wenyewe. Hakusikia.

"Mimi nimekula chumvi nyingi," akasema. "Nikifa, nafa mimi." Akatia tonge kinywani, akatafuna polepole, akatuamuru tungoje hadi alasiri.

Tukangoja, mimi na wadogo zangu, tukimtazama usoni. Saa zilikuwa ndefu. Nilikuwa na hakika na uyoga wangu, lakini kila alipokohoa mimi nilisimama. Adhana ilipolia akainuka, akatawadha, akaswali, akarudi, akafunua sufuria. Mchuzi ulikuwa umepoa.

"Kuleni," akasema. Kisha akanigeukia. "Na ile ndoo ya pili, utaitia lini?"

Kamusi bado sijanunua. Naazima ya jirani, yule yule mwenye friji.