Subira Alikwenda Wapi?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kuulizwa nako humtoa mtu jasho.

Wasomaji wapenzi, wale mliosoma jarida letu la mwaka jana mtaikumbuka hadithi yangu, "Kata ya Subira". Niliiweka mwaka 2090, katika nchi ambayo mito yote imekauka, na sheria inasema kila msichana akitimu miaka kumi na minne anatolewa shuleni na kukabidhiwa dumu la maji. Subira anaficha kurasa za daftari lake ndani ya kata anayowekea dumu kichwani. Siku moja anafika kwenye kona ya njia ya lamboni na haonekani tena. Hapo nikaandika "Mwisho" na kujiona mwandishi kweli kweli.

Lo! Kumbe nilikuwa nimejichimbia shimo. Jarida lilipotoka, wanafunzi wa kidato cha kwanza hawakunipa nafasi ya kupumua. "Dada, sasa Subira alienda wapi?" "Maji yaliisha aje?" "Hiyo sheria ilitungwa na nani?" "Na wavulana walikuwa wanafanya nini?" Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza B alikuwa akinisubiri langoni kila asubuhi: "Dada mwandishi, bado hujaniambia!"

Mwanzoni kichwa kilinivimba kwa furaha. Baadaye nikachoka nikawa mkali. "Hiyo ni hadithi tu bwana, mwisho ni mwisho." Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na nilikuwa na sababu ya kutotaka kulitafuta.

Basi siku moja mwalimu mlezi wa chama akaniita ofisini. Nilidhani ni ile insha niliyokuwa sijamaliza. Badala yake akafungua mtoto wa meza, akanipa kitabu. "Usiwakasirikie wanaokuuliza," akasema. "Huyu mama aliulizwa miaka zaidi ya thelathini."

Mama mwenyewe ni Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1939. Mwaka 1985 alichapisha riwaya iitwayo The Handmaid's Tale, kuhusu nchi ya kubuni ya Gilead ambayo imechukua mahali pa Marekani. Huko wanawake hawana mali wala kazi ya kuchagua, na karibu wote wamekatazwa kusoma. Msimulizi ni mwanamke ambaye mwishowe anaingizwa kwenye gari, na msomaji hajui kama anaokolewa au anapelekwa kuangamizwa. Kisha kuna wasomi wa mwaka 2195 wanaojadili habari zake, na hata wao hawajui alikoishia.

Mnaona? Na yeye alimwacha mtu wake kwenye kona!

Wasomaji wakauliza. Je, Gilead iliangukaje? Waliokuwa juu waliwaza nini? Novemba 2018 Atwood akatangaza kwamba anaandika kitabu cha kuwajibu, na akaeleza kuwa karibu maswali yao yote kuhusu Gilead ndiyo yaliyomsukuma, pamoja na hali ya ulimwengu tunamoishi. Kitabu hicho, The Testaments, kilitoka Septemba 2019. Mwezi uliofuata kikapata tuzo ya Booker, akigawana na Bernardine Evaristo wa Uingereza. Wakati huo bibi huyo alikuwa na miaka 79. Ama kweli, kawia ufike.

Nilikisoma wiki tatu, kamusi ikiwa mapajani. Kina wasimulizi watatu, na mmoja wao ni msichana aliyelelewa Gilead na kufundishwa kusoma akiwa amekwisha kuwa mkubwa, herufi baada ya herufi. Hapo nililia. Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Mwalimu alikuwa amenieleza kwamba Atwood alijiwekea sharti: asitie ndani ya Gilead jambo lolote ambalo binadamu hawajapata kulifanya mahali fulani. Nikatazama, nikaona ni kweli. Enzi za utumwa, majimbo kadhaa ya kusini mwa Marekani yalikuwa na sheria za kukataza watumwa kufundishwa kusoma. Huko Afghanistan, tangu mwaka 2021 wasichana wa umri wangu wamefungiwa milango ya shule za sekondari. Mambo ya kubuni yana baba na mama yao.

Nikajiuliza, je, Subira wangu nilimtoa wapi?

Sasa nitasema ile sababu. Subira alikuwa jirani yangu wa dawati. Muhula wa kwanza wa kidato cha pili kiti chake kilibaki kitupu. Darasani watu walinong'ona, wengine wakacheka. Mimi nilichukua mkoba wangu nikauweka kwenye kiti chake. Kila jioni tulikuwa tukirudi pamoja mpaka penye mbuyu, ambapo njia ya kwao inakata kona. Mama alinionya nisionekane naye, nami nikapata kisingizio. Mwaka mzima nilipita pale mbuyuni bila kugeuka. Niliwaambia ninyi kwamba Subira alipotea. Hakupotea hata kidogo. Mimi ndiye sikumfuata.

Jumamosi moja nikajipa moyo nikaikata ile kona. Nilimkuta mama yake akipepeta mahindi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Leo umetukumbuka?" Nilitamani ardhi ipasuke. Rafiki yangu alikuwa nyuma ya nyumba akifua nguo za mtoto, na mtoto mwenyewe, wa kiume, ameketi kwenye beseni tupu akilipiga kwa kijiko.

"Nilisoma hadithi yako," akaniambia kabla sijakaa. Ndugu yake mdogo alikuwa ameleta jarida nyumbani. "Nilijua ni mimi. Ile kata ni yangu. Lakini mbona hukunimalizia? Sasa mimi nilienda wapi?"

Swali lile lile! Maneno yalinikauka kinywani. Nilimwomba msamaha, akanyamaza kidogo, kisha akanipa mtoto nimshike.

Tuliongea mpaka jua likapinda. Nilimweleza aliyonifundisha mwalimu, kwamba hapa Kenya tangu mwaka 1994 kuna sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua kurudi shule, na mwaka 2020 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo mpya. Akasema anajua. "Sera siiogopi. Naogopa kuingia darasani wote wageuke. Na mtoto atabaki na nani mama akienda sokoni?" Nikamuuliza kuhusu baba ya mtoto. "Yuko shule kwao, anaendelea na masomo." Alisema hivyo tu, akaanika nepi.

Basi wadogo zangu, nawajibu kama nilivyoweza. Wavulana walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanaendelea na masomo, hakuna aliyewakabidhi dumu. Sheria ilitungwa na nani? Hakuna aliyeiandika. Aliyenong'ona alitia neno lake, aliyecheka akatia lake, na mimi nilitia langu nilipoweka mkoba juu ya kiti. Maji yaliishaje? Hilo bado sijui, hata Atwood alisema karibu yote, hakusema yote.

Na wewe wa Kidato cha Kwanza B, Subira yuko nyuma ya mbuyu, nusu saa kutoka langoni. Ninapoandika haya hajarudi shule. Mama yake amesema muhula ujao ukifunguliwa atakuja kuonana na mwalimu mkuu, na shangazi amekubali kukaa na mtoto siku tatu kwa wiki. Siku mbili zimebaki, tunatafuta. Akirudi atakuwa kidato cha pili nami cha tatu, hatutaketi dawati moja tena. Lakini njia ni moja mpaka mbuyuni. Siku hiyo, tafadhalini, mtu asigeuke kumtazama.

Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike haya bila kumtaja jina. Sehemu ya pili ya hadithi nimeianza, ila amenikataza kuimaliza kabla yake.

Kwaherini, tuonane toleo lijalo panapo majaliwa.