Kopi ya Kitambulisho

Stima ilirudi saa nne usiku, tukaendelea na Star Trek: Voyager kwenye laptopu yangu, bedsitter ya Roysambu. Likizo yake ilikuwa imebaki usiku huo tu. Tulikuwa kwa ile episodi ya 1999, "The Disease". Harry Kim, ofisa kijana, amelala na Tal, mwanamke wa jamii ngeni ya Varro, na Kepteni Janeway amewaka. Kumbe kwenye meli yake, kabla ya kulala na mtu wa jamii ngeni, lazima kepteni akuruhusu na daktari akubali.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Si hiyo ni kawaida," akasema. Yeye ni mwanajeshi. Ndipo akaniambia kwamba kabla hajaja kwetu kuona wazazi, kuna mkubwa wake lazima ajulishwe, na atataka kopi ya kitambulisho changu.

"Na akikataa?"

Alinyamaza, macho kwa skrini.

Sikatai, kanuni ina sababu. Ngozi ya Kim inaanza kung'aa kwa sababu mwili wake umefungamana na wa Tal. Kwenye Star Wars, Jedi hawaruhusiwi kuoa, lakini Anakin anamwoa Padmé kisiri, na hofu ya kumpoteza inamfanya awageuke wenzake. Jeshi linaogopa moyo kwa sababu moyo haupigi saluti.

Lakini angalia nani anaulizwa. Onyo la Janeway linaingia kwa faili ya Kim. Tal hana faili humo. Padmé, seneta mzima, anaishia kuficha mimba kwa sababu ya kiapo ambacho hakukila yeye. Mtu wa nje ndiye anayejadiliwa, na kwa kikao hajawekewa kiti.

Mwishoni Kim anaambiwa anaweza kutibiwa, yale maumivu ya kuachana yaishe. Anakataa. Anaamua kuumia mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya mtu. Hapo ndipo nililia, nikasingizia usingizi.

Asubuhi nilimsindikiza hadi stage. Kabla apande matatu nikampa kopi, nimeikunja mara nne. Akaiweka kwa mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Kuna mtu simjui hata jina, na yeye anajua langu, tarehe yangu ya kuzaliwa na sura yangu nikiwa na miaka kumi na minane. Nangoja aseme kama naweza kupendwa.