Kifurushi cha Majani ya Mgomba

Matatu ya Meru haiondoki Tea Room, Nairobi, mpaka ijae. Asubuhi hiyo ilibaki nafasi moja, na nafasi hiyo moja ikatukalisha karibu saa nzima huku makanga akiapa kwamba tunatoka sasa hivi. Nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, nimepakata kilo nne za sukari na pakiti tatu za majani chai. Ndiyo, nilikuwa napeleka majani chai Nyambene, kwenye milima iliyojaa michai, karibu na kiwanda cha Michimikuru. Lakini kwa shangazi hakuendwi mikono mitupu, na shangazi anadai chai ya dukani ndiyo yenye rangi.

Nilikuwa naenda Maua kwa sababu miti ya miraa ya babu ilikuwa inachumwa. Babu mwenyewe alitutoka Februari 2020.

Barabara hii nimeipanda tangu utotoni, na bado naona ina kasi mbili. Watu hupanda polepole, wakishushwa na kupakiwa kila kituo, wakinunua ndizi dirishani. Miraa hushuka kama inayofukuzwa: Hilux imejazwa magunia hadi ikainama nyuma, taa zinawaka mchana kweupe, honi haikatiki. Sababu yake inajulikana. Kilichochumwa Igembe, huko Maua, asubuhi kinataka kufika Eastleigh kabla ya usiku, au kuwahi ndege uwanja wa Wilson. Siku mbili tatu zikipita, kile kilichokuwa pesa kinabaki vijiti vya kutupa.

Babu aliifanya kasi hiyo posta yake.

Sisi tulikaa Huruma, Nairobi, chumba kimoja, baba akiwa fundi wa mawe. Jumamosi jioni alinishika mkono tukaenda Eastleigh, mahali magari ya miraa yanaposhusha mzigo. Kati ya mabunda ya wenye maduka kulikuwa na kifurushi kimoja kisicho cha biashara. Kilifungwa kwa majani ya mgomba kama mengine, kamba ni ile ile ya mgomba mkavu, ila fundoni palichomekwa kitambaa chekundu. Hicho kilikuwa chetu. Ndani yake nduma, ndizi za kupika, pengine maharagwe kwenye soksi. Mara moja alikuja kuku mzima, amekasirika kuliko dereva. Katikati ya nduma, kwenye karatasi ya nailoni, ndimo noti zilimokunjwa. Ada ya kidato cha kwanza ya dada yangu ilifika hivyo, na ilikuwa na unyevunyevu mama alipoihesabu kitandani.

Dereva hakulipwa nauli ya kifurushi. Alimfahamu babu, na hilo lilitosha.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, baba alidhani vifurushi vimekwisha. Alimnunulia mzee simu, akamfundisha kutuma na kupokea. Babu akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama simu hiyo inatuma nduma pia. Kifurushi kikaendelea kuja kila wiki, ila sasa bila noti ndani, na baada yake simu ililia: "Kimefika? Mmekula?" Kisha akakata. Hakuwa mtu wa kupoteza salio.

Matatu ilipojaa tuliondoka. Tulipofika Makutano ya Mwea tukakunja kulia, tukapita mashamba ya mpunga. Embu, Runyenjes, Chuka. Sina la kusema kuhusu sehemu hii, nililala. Niliamka pale ambapo kila msafiri wa njia hii huamka, kwenye mteremko wa daraja la Nithi, ambako hata wapiga soga hunyamaza na mama mmoja mbele yangu akawa anaomba kwa sauti ya chini. Watu wengi wamekufa hapo. Tukavuka. Mazungumzo yakarudi. Baada ya Nkubu kuna kibao cha ikweta kando ya barabara, na kama kawaida hakuna aliyegeuza shingo.

Meru mjini nilibadilisha gari. Tukapita Nchiru, yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru, na chuo kikuu kiko hapo hapo. Halafu Kianjai, Muthara, Kangeta. Mnywaji wa chai Nairobi anaweza kuishi maisha yake yote asisikie Kangeta, lakini mtafuna miraa analijua jina hilo vizuri, kwa kuwa ndilo jina la aina mojawapo anayoagiza. Kuanzia hapo hewa inabadilika. Ukungu unashuka kutoka mlimani, watu wamevaa koti mchana, na miti ya miraa inaanza kuonekana hadi kwenye ua wa nyumba.

Na asiyefika Maua, akisikia jina, hudhani ni mji wa bustani. Ni mji wa matope, mabati, benki, hospitali ya Wamethodisti iliyoanza mwaka 1928, na wanaume wanaokata majani ya mgomba kwa kasi ya ajabu.

"Baba, umefika?" shangazi aliniuliza langoni. Mimi ni mtoto wa kwanza wa mwana wa kwanza wa babu, kwa hiyo nina jina la babu, na kwa jina hilo shangazi hajawahi kuniita chochote ila baba. Akiwa na hasira ndio huongeza: "Baba, hata wewe!"

Tuliketi jikoni. Akaipokea ile chai bila kucheka.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halikusomwa siku ya mazishi. Kitabu cha mazishi kiliandikwa kama vitabu vyote vya mazishi Kenya: mcha Mungu, mkarimu, aliipenda familia yake. Kila marehemu wetu aliipenda familia yake. Sijawahi kusoma kinyume. Kwa babu ilikuwa kweli, lakini ukweli wenyewe ulikuwa na kelele, na waandishi wa wasifu wakaona afadhali wauruke.

Shangazi aliolewa ng'ambo ya Laare, akarudi nyumbani mwaka 2011 na watoto watatu na begi moja. Babu alimpa nyumba ya mbao nyuma ya zizi, na hakuna aliyelalamika. Balaa lilikuja na hesabu. Uholanzi ilipiga marufuku miraa Januari 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, na siku hiyo soko lililosomesha vijana wengi wa Igembe likafungwa. Bei ikaanguka. Baba zangu wadogo wawili, ambao walikuwa tayari na familia, wakataka mzee agawe miti mapema ili kila mtu ajue chake. Akakubali. Miti ilikuwa 38. Alipomaliza kuitaja, sita ilikuwa ya shangazi, na minne kati ya hiyo sita ilikuwa mbaine, ile mikongwe yenye mashina yaliyojikunja, ambayo hata babu hakumjua aliyeipanda.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Hoja ya baba zangu wadogo haikuwa ya kijinga. Kwanza, kwa desturi mwanamke hapandi mti wa miraa. Husemwa mti utakauka. Mti usioweza kuupanda, utauitaje wako? Pili, na hii ndiyo waliyoitegemea, mzee alishapokea ncoolo ya binti huyu. Ncoolo ni bunda la heshima analoleta mposaji, ukilipokea, umekubali. Binti akishatolewa kwa ncoolo, walisema, chake kiko kwa mumewe.

Nilikuwepo, nimetumwa na baba aliyekuwa kazini. Babu alikaa kimya hadi wote wakaishiwa. Kisha akasema, kwa Kimeru, maneno ambayo nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Ncoolo niliila mimi. Yeye hakuila."

Mzee mmoja akacheka, kisha mwingine. Kesi haikuendelea sana baada ya hapo, ingawa chuki iliendelea. Baba mdogo mmoja hakukanyaga ua wa babu karibu miaka miwili, na ndiye aliyelia kuliko wote kaburini.

Tangu siku hiyo, kila mavuno, babu alisimama chini ya ile miti sita na fimbo yake, akiwahesabia wachumaji mabunda ya shangazi kando. Fedha yake iliingia mkebe wa peke yake. Alikuwa anakaribia miaka themanini. Ikinyesha alisimama na mwavuli.

Hakuwa mtu rahisi. Alichagua shule zetu bila kutuuliza, na dada yangu hadi leo anasema angependa kuulizwa. Alipoondoka hakushuhudia safari za ndege za miraa kwenda Somalia zikikatika mwezi uliofuata, zikabaki hivyo hadi Julai 2022. Shangazi anasema Mungu alimwepusha. Mimi nadhani angeuliza tu bei ya nduma.

Alfajiri ya kesho yake nilitoka kuona miti ikichumwa. Mtoto wa kwanza wa shangazi, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja siku ya kesi, sasa anasoma pale Nchiru na hupanda mti akiwa nyumbani. Alivua viatu, akapanda kama anapanda ngazi, akawa anakwanyua machipukizi mekundu na kuyaacha yale yasiyokomaa. Chini, kazi ilikuwa ya vidole. Majani makubwa yanaondolewa, vijiti vinalinganishwa urefu, vinafungwa shurba. Shurba kumi ni bunda. Halafu inakuja kazi niliyoipenda nilipokuwa mdogo: jani bichi la mgomba linatandazwa, upande unaong'aa ukiwa ndani, bunda linalazwa, jani linakunjwa mara mbili pembeni ili unyevu usitoke, na kamba inapitishwa bila kuchana. Babu alinifundisha hilo nikiwa na miaka minane, mikono yake juu ya yangu. Hakuniambia chochote. Alikuwa akikaza mahali nilipolegeza.

Nilimwomba shangazi nduma za kupelekea watoto wangu Nairobi. Nikajaribu kufunga mwenyewe. Jani la kwanza likachanika. La pili likachanika pia. Shangazi akanisukuma taratibu kwa kiwiko. "Baba, achia," akasema, akafunga kwa mkupuo mmoja, kisha akaingia ndani. Alirudi na kipande cha kitambaa chekundu, cha lile shuka ambalo babu alikuwa akilikata miaka yote ile. Kumbe lilikuwa bado halijaisha.

Dereva alikuwa kijana nisiyemjua. Nilimwuliza nauli ya kifurushi ni shilingi ngapi. Akatazama fundo, akamtazama shangazi, akakitupa kiti cha mbele bila kunijibu.

Hilux iliondoka Maua saa saba mchana. Nduma zilifika Eastleigh jua likizama, mke wangu akazichukua. Mimi nilifika kesho yake saa tano usiku.