Bomba Lililoliwa na Kutu



Gari letu ni kuukuu, nalo limetuhudumia miaka mingi kwa safari za madrasa, hospitali na maziko. Usiku hulala uani, si mbali na ufuo, na upepo wa chumvi haulali. Rangi ya juu twaiosha kwa kuwa twaiona. Uvunguni, mnamopita mabomba membamba ya chuma yapelekayo mafuta ya breki magurudumuni, kutu hula kimya kimya.

Mama watoto ndiye aliyetangulia kuona. Asubuhi moja, akifagia ua, alikuta doa la majimaji karibu na gurudumu la nyuma. Akaligusa kwa kidole, akatuambia, "Mwalimu, haya si maji, yanateleza." Tukachungulia, tukaliona bomba limevimba kutu na kulowa. Lakini karo zilikuwa zimekaribia. Tukajaza mafuta kwenye kichupa chake, tukasema: mwezi ujao. Mwezi ujao ukazaa mwezi mwingine.

Siku moja twatoka hitimani Kaloleni, mama yetu mzazi ameketi nyuma pamoja na wajukuu wawili. Katika mteremko baada ya Mazeras tulikanyaga breki, kanyagio likazama hadi karibu na sakafu. Mwendo ulipungua kidogo tu, na hicho kidogo kilitokana na kuwa breki za gari hugawanywa njia mbili, ili moja ikivunjika nyingine isalie. Tukashusha gia, tukavuta breki ya mkono taratibu, tukasimama kando ya barabara.

Mama akauliza, "Mwanangu, mbona tumesimama?"

Tulishindwa kumtazama usoni. Yeye hakujua habari za doa, sisi tulijua.

Gari likakokotwa hadi gereji. Fundi kijana alishauri kipande kilichooza kikatwe, paungwe mpira kwa vibano, kazi ya nusu saa. Fundi mkuu akakataa. Mguu ukikanyaga, alisema, mafuta husukumwa kwa nguvu kubwa ambayo mpira wa kawaida hauistahimili. Tena bomba likitoboka mahali pamoja, kwingine nako kumekonda. Akaling'oa lote, akaleta bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambalo halishikwi na kutu kama chuma. Shaba tupu hakuitaka, kwani huchoka kwa mtikisiko na kupasuka.

Alilipinda bomba jipya kwa kufuata umbo la lile kongwe, akaikunja midomo yake mara mbili kwa kifaa maalumu, ili nati ikikazwa pasivuje. Akatia mafuta kutoka chupa iliyokuwa bado imefungwa, maana mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo huozesha mabomba kutoka ndani. Mwisho ikaja kazi ya kutoa hewa: mwana wetu akikanyaga, fundi akiwa chini akilegeza na kukaza skrubu ya gurudumu, mpaka yakatoka mafuta matupu yasiyo na povu. Hewa hubonyea, mafuta hayabonyei; hewa ikibaki humo, mguu hukanyaga bure.

Kabla ya hapo jamaa mmoja alikuwa ametushauri tupake uvungu rangi nyeusi, tuliuze gari jinsi lilivyo. Tukajiuliza: mnunuzi naye hana mama wa kumpandisha nyuma? Kuficha aibu ya bidhaa ni haramu. Na aibu hii ingeweza kuua.

Enyi akina mama, mnaoiona ardhi ya ua kabla yetu, mkikuta doa liteleza karibu na gurudumu, semeni, na mkipuuzwa semeni tena. Nasi wenye usukani, tukanyage breki kabla ya kuondoka: kanyagio likizama polepole chini ya mguu, safari na iahirishwe. Tulidhani twamtegemea Mola, kumbe twategemea bomba bovu.

Siku hizi Mama watoto akimaliza kufagia, husimama kidogo kando ya gari na kutazama chini. Nasi hungoja atuambie ndipo tuwashe.

Wabillahi tawfiq.