Plagi Haikuwa na Makosa

Wasee, kuna mtu nilimkosea mbele ya watu, kwa hivyo kumwambia pole kimyakimya haitoshi.

Gari ya mzee wetu ni Toyota DX ya kabureta, imenizidi umri. Kila asubuhi inabeba majani ya chai ya mathe hadi kituo cha kununulia, kama kilomita tatu, halafu inarudi. Ikigoma, majani yanakaa kwenye gunia, yanapata joto, yanageuka rangi, na karani anayakataa. Hiyo pesa imeenda.

Basi ikaanza kula plagi. Naweka nne mpya, baada ya wiki mbili inakohoa, halafu haiwaki. Nikanunua seti ya pili. Ya tatu ilipokufa nikaenda dukani nikamfokea jamaa: "Unatuuzia feki!" Akaniuliza tu, "Hizo plagi zinakaa aje?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeziangalia.

Fundi mmoja mzee ndiye alinifunza. "Kijana, kabla ya kutupa plagi, isome." Akazipanga nne kwenye boneti, kila moja na silinda yake. Kahawia hafifu, injini iko sawa. Nyeupe, joto limezidi. Nyeusi iliyolowa oili, angalia ringi za pistoni ama sili za valvu. Zetu zilikuwa nyeusi na kavu, masizi kama sufuria ya kuni. Zote nne. Ingekuwa shida ya silinda moja, ni moja tu ingechafuka. Maana yake petroli ilikuwa nyingi kuliko hewa.

Akaniambia nisukume choki ndani. Nikasukuma, lakini kwenye kabureta kile kibati cha kuzuia hewa kikabaki nusu kimefungwa. Waya yake ilikuwa imeshika kutu. Na asubuhi za huku ni baridi, lazima uvute choki. Ongeza kwamba Kericho iko kama mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hivyo kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani inamwaga petroli kupita kiasi. Halafu kilomita tatu hazitoshi plagi kupata joto la kuchoma masizi yake yenyewe.

Dawa? Oili kidogo kwenye waya, kichujio cha hewa kisafi, kabureta ikarekebishwa. Plagi zile zile tukazipiga brashi tukazirudisha. Huu ni mwezi wa nne, hazijasumbua.

Maoni yangu: tunabadilisha kile kinachoonekana kimekufa bila kuuliza nani anakiua. Na tukikosa jibu, tunamrukia mtu wa karibu. Mimi nilifanya hivyo, na seti tatu za plagi zikatoka kwa pesa ya mathe.

Jumamosi nilirudi dukani nikaomba msamaha. Jamaa akacheka, akauliza kama nataka plagi. Nikamwambia safari hii hapana, boss.

Wewe je, umewahi kumlaumu nani bure?