Jumatatu Usiku Village Vanguard

Jumatatu moja jioni nilishuka kwenye treni kituo cha 14th Street, New York, nikatembea kuelekea kusini hadi namba 178, Seventh Avenue South, kwenye klabu ya jazi ya Village Vanguard. Nilikuwa nimeitamani safari hiyo tangu siku niliposoma kwamba Miriam Makeba aliimba hapo mwishoni mwa 1959, akiwa ndiyo kwanza ameingia Marekani.

Ngazi nyembamba zikanishusha hadi chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la pembetatu, jukwaa likiwa kwenye ncha yake. Wateja wanaoenea humo ni 123 tu. Jiko halipiki tena. Limekuwa ofisi, na humo humo wanamuziki hubadilishia nguo.

Mwenye klabu, Max Gordon, aliihamishia hapa mwaka 1935. Mwanzoni waliopanda jukwaani walikuwa washairi, wachekeshaji na waimbaji wa nyimbo za kiasili, akiwamo Harry Belafonte. Huyo ndiye aliyekuja kuimba "Malaika" pamoja na Makeba katika albamu yao ya 1965. Kuanzia 1957 Gordon aliikabidhi nyumba kwa jazi. Novemba mwaka huo mpiga saksafoni Sonny Rollins alirekodi humo. Tarehe 25 Juni 1961 ikawa zamu ya mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili. Sikiliza rekodi hiyo kwa makini: chini ya piano utasikia glasi zikigongana na watu wakinong'ona. Siku 11 baadaye mpiga besi wake, Scott LaFaro, alifariki katika ajali ya gari.

Bendi niliyoifuata ilizaliwa humu Februari 1966, Thad Jones na Mel Lewis walipopewa Jumatatu chache wajaribu bahati yao. Waasisi wote wawili wameshafariki, lakini Jumatatu ingali yao. Wapulizaji walibanana jukwaani kiasi kwamba nilimwona mpiga tromboni akivuta pumzi kabla ya kupuliza. Tarumbeta zilipoingia zote kwa pamoja, meza yangu ilitetemeka, nami machozi yakanilenga.

Gordon alipofariki mwaka 1989, mkewe Lorraine alifunga usiku mmoja, kesho yake akafungua. Yeye naye alifariki mwaka 2018, na binti yao, Deborah, akashika usukani. Korona ilifunga mlango Machi 2020, ukafunguliwa tena Septemba 2021.

Wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam wanaijua siri hii: bendi ikiwa na siku yake, watu huizoea, nao huja bila kuitwa. Kumbi zetu nyingi zimepotea kwa sababu mwenye nyumba alitaka faida ya wiki hiyo hiyo. Kwa wenye kumbi ombi langu ni moja: ipeni bendi siku yake, kisha muipe miaka.